Kura za maoni kijijini (Moshi Vijijini): nyota tatu, zile mbili zilizobaki ni za bibi yangu

Habari zenu wadau. Kawaida naandikaga habari za migahawa na mafundi wa hapa Moshi, leo nimekuja na huduma ambayo sijawahi kuona mtu anaiandikia, nayo ni huduma ya kupiga kura za maoni za udiwani, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wake, kijijini kwetu huko juu, Moshi Vijijini. Naiandika kama ninavyoandika huduma nyingine yoyote kwa sababu mimi ni mwanachama, kadi ninayo, ada nalipa, na bibi yangu ameanza kulipa ada mama yangu akiwa bado hajaolewa. Mtu aliyelipa miaka yote hiyo ana haki ya kusema amehudumiwaje. Chama sikitaji na kata siitaji, nia yangu sio kumchafua mtu, nataka tu safari ijayo pawe pazuri kuliko tulivyopakuta.

Nimetoa nyota tatu kati ya tano. Mapokezi mazuri, kuhesabu kura kuzuri sana tena sana, lakini kile kitendo chenyewe cha kupiga kura, kile ambacho ndo kilitutoa nyumbani, kimeniuma mpaka leo.

Nilipanda juu Ijumaa jioni na hiace ya mwisho, maana bibi alishanipigia simu mara tatu kuniuliza kama nakuja. Ulikuwa mwezi wa saba na mnaoujua mwezi wa saba wa kwetu hamhitaji kuelezwa, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, manyunyu hayakatiki na njia yote ni utelezi. Asubuhi nilipoamka saa kumi na moja nilimkuta bibi ameshaoga, kavaa kitenge chake cha kanisani na sweta juu, kilemba kimekaa, kadi ya chama kaifunga kwenye leso pamoja na vile vikaratasi vya stakabadhi za ada. Ana miaka 80 na kitu, goti la kulia linamsumbua, na kutoka kwetu mpaka shuleni kuna mteremko na mlima. Nikamwambia bibi si tungesubiri jua litoke kidogo, akasema mama, kura sio ya kusubiri jua. Tukachukua boda mbili, yake ikatangulia taratibu.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, lile la mwisho karibu na matanki ya maji. Tulifika saa mbili kasoro tukakuta watu wameshajaa uwanjani, wazee wamekaa kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani, na hapa nawapongeza kabisa, kuna kijana alikuwa kazi yake ni kuangalia wazee, wajawazito na wenye watoto mgongoni anawatoa kwenye foleni anawapeleka mbele. Alimshika bibi mkono akamwambia shikamoo bibi, karibu, wewe husimami hapa. Hakuna aliyenung'unika kwenye foleni. Nimeshapanga foleni za benki na za hospitali hapa mjini sijaona utaratibu ule.

Tatizo la kwanza lilikuwa rejista. Rejista ya tawi ni daftari kubwa lililoandikwa kwa mkono, na majina hayafuati alfabeti, yanafuata mtu alivyokuja kulipa, kwa hiyo karani akitafuta jina lako anapitia kurasa zote kwa kidole. Jina la bibi lilionekana haraka, la kwangu halikuonekana kabisa mpaka nikatoa stakabadhi, wakaitana watu watatu, wakakubaliana, nikaandikwa chini kabisa kwa kalamu nyekundu. Hiyo ilinichukua kama saa nzima na nusu. Nilikuwa na stakabadhi kwa bahati tu, kuna dada nyuma yangu hakuwa nayo akarudi nyumbani, na anaishi kitongoji cha mbali. Nililinganisha na uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, ule tulijiandikisha kwenye kitongoji Oktoba, orodha ikabandikwa ukutani kabla, mtu ukipita unaangalia jina lako unajua kama upo au haupo. Daftari la tawi nalo lingebandikwa wiki moja kabla, hata kwa fotokopi, yule dada angepiga kura.

Wakati nasubiri nilikunywa mtori wa mama mmoja aliyeweka sufuria lake nje ya geti, mzito, wa moto, nyama imelainika. Huo peke yake ni nyota tano, ila sio wao walioupika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Utaratibu ulikuwa hivi. Watia nia, yaani wanaoomba kuteuliwa na chama, walikuwa watano, majina yao yameandikwa kwa makapeni kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ubaoni, hakuna picha. Ukiingia unapewa kipande cha karatasi nyeupe chenye mhuri, unaandika jina la unayemtaka, unakunja, unatumbukiza kwenye boksi. Mahali pa kuandikia palikuwa dawati moja, limewekwa katikati ya darasa, na ukutani pembeni yake kama hatua tatu hivi wamekaa mawakala wa watia nia wote kwenye benchi, wanaangalia. Hakuna kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri. Hakuna hata boksi la katoni limesimamishwa. Mimi niliinama nikafunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu kwenye mtihani, na bado nilihisi macho yao.

Lakini mimi naweza kuandika. Bibi hajui kuandika, anajua kusoma kidogo Biblia ya Kichagga ile ya herufi kubwa aliyofundishwa na babu, kuandika hapana. Nikasema mimi mjukuu wake nimsaidie, yeye mwenyewe akasema huyu ndiye ninayemtaka anisaidie, wakakataa, wakasema ndugu haruhusiwi, kuna msaidizi maalum. Msaidizi maalum akachukua karatasi, akakaa kwenye lile dawati la katikati, na kwa kuwa bibi hasikii vizuri sikio moja akamuuliza kwa sauti ya juu kabisa, "Bibi, unamtaka nani?"

Darasa zima likanyamaza. Kwenye benchi la mawakala alikuwa amekaa mama mmoja ambaye mwanae ni mtia nia, na huyo mama ndiye jirani yetu wa mpaka, ndiye anayemletea bibi maziwa lita moja kila asubuhi tangu ng'ombe wetu auzwe, ndiye aliyemkimbiza hospitali mwaka ule mimi nikiwa Dar. Bibi akamwangalia. Akamwangalia msaidizi. Akataja jina la mtoto wa jirani. Msaidizi akaandika, akakunja, akatumbukiza, bibi akasema aika, yaani asante, tukatoka.

Njiani bibi hakuongea. Tulipofika nyumbani, namvua sweta lililolowa, ndo akasema, "Sio yeye niliyekuwa nimemweka moyoni. Lakini mama yake amekaa pale, mimi ningelisemaje jina lingine?" Na sijamuuliza aliyekuwa moyoni ni nani, hiyo ni siri yake na itabaki siri yake.

Jamani, mimi nililia, sio kwa sababu mtoto wa jirani ni mbaya, ni kijana mzuri tu na pengine hata ningempigia mimi. Nililia kwa sababu mwanamke wa miaka 80 na kitu ameamka alfajiri, kavaa nguo ya kanisani, kapanda boda kwenye utelezi na goti bovu, halafu kura yake imechukuliwa mdomoni mwake mbele za watu. Huyo hajapiga kura, amesalimia jirani.

Halafu usiku tukiwa jikoni tunaota moto akaanza kunisimulia chaguzi za zamani. Akasema enzi za Mwalimu ilikuwa rahisi, kulikuwa na jembe na nyumba. Nilikuwa nimeshasikia hiyo habari shuleni lakini sijawahi kuielewa mpaka usiku ule. Kuanzia uchaguzi wa 1965, wakati wa chama kimoja, jimbo lilikuwa linawekewa wagombea wawili wa ubunge, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na mpiga kura anaweka alama yake kwa jembe au kwa nyumba. Hahitaji kujua herufi hata moja. Bibi anasema alikuwa anaingia peke yake, anaweka alama, anakunja, anatoka, na hata babu akimuuliza nyumbani umempa nani alikuwa anamwambia kula chakula kitapoa. Watu wanaweza kuzungumza mengi kuhusu chaguzi za chama kimoja, na Rais alikuwa mmoja tu wa ndiyo au hapana, lakini kwenye hili la mtu asiyejua kuandika walifikiri. Walijua wapiga kura wao ni nani. Sisi leo tuna simu zenye kamera mfukoni halafu tunamwambia bibi aandike jina.

Na wala hatuhitaji kurudi 1965. Uchaguzi mkuu wenyewe wa nchi hii karatasi ya kura ina jina, picha ya mgombea na alama ya chama, kuna kituturi unaingia peke yako, na mtu asiyejua kusoma au asiyeona anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini yeye mwenyewe amsaidie. Wasioona wanawekewa hata lile jalada la nukta nundu wapige wenyewe bila kumtegemea mtu. Kwa hiyo utaratibu upo, watu wetu wanaujua, wengi wa waliokuwa wanasimamia pale darasani nina hakika wameshawahi kuwa mawakala kwenye uchaguzi mkuu. Sasa kwa nini kura za ndani ya chama zifanyike kwa kiwango cha chini kuliko kura za nje?

Nilimuuliza kiongozi mmoja wa pale, mzee wa heshima zake, nikamwambia meku (ndo mzee kwa Kichagga), samahani, naomba kuuliza. Akanijibu vizuri tu, akasema hizi ni kura za nyumbani, sisi ni ndugu, hakuna cha kufichana. Nimemheshimu lakini sikubaliani naye hata kidogo. Kwa ndugu ndo siri inahitajika zaidi. Mtu wa mbali nikimnyima kura atanifanya nini? Jirani ndiye nitakayemwomba maziwa kesho. Na hizi kura za nyumbani kwa kata nyingi za huku ndo uchaguzi wenyewe, ukishapita hapo umeshapita, kinachobaki ni kuapishwa.

Na pale chama kinapokuwa na mpinzani wa kweli ndo kabisa. Binamu yangu wa Usa River alinikumbusha ya Arumeru Mashariki mwaka 2012, baada ya kufariki mbunge wao Jeremiah Sumari. CCM ilibidi irudie kura za maoni kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyevuka nusu, akapita Sioi Sumari, na tarehe 1 Aprili kwenye uchaguzi mdogo kiti kikachukuliwa na Joshua Nassari wa CHADEMA. Wameru mpaka leo wakikaa kwenye kahawa wanaichambua ile ya ndani kwanza ndo wanafika ya nje. Mimi naona mwanachama ambaye hakuipenda ile ya ndani hapigi kelele, anakaa nyumbani siku ya kura kubwa, au anaingia kwenye kituturi kule ambako hakuna wa kumwona.

Kuna jambo lingine linaloshikamana na hili, nalo ni pesa. Pale njia panda kabla hujafika shuleni kulikuwa na vijana wanawaambia watu nauli ya boda imeshalipwa, panda tu, na ukishuka unaambiwa ni zawadi ya fulani. Bibi alilipa yake mwenyewe, namshukuru Mungu nilikuwa na chenji. Tukumbuke takrima, yaani ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilishawahi kuwekwa kwenye sheria kabisa mwaka 2000 na Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata hatua ya uteuzi ndani ya vyama, sio kampeni za mwisho tu. Lakini sheria iko mbali na njia panda yetu. Kinachoweza kuua hizi pesa kijijini ni siri. Fikiria mwenyewe, aliyekupa elfu tano anajuaje kama ulimpigia? Kama umeingia mahali umejificha peke yako, hajui, na hatojua, kwa hiyo mwaka mwingine atafikiria mara mbili kabla ya kumwaga hela. Lakini kama wakala wake amekaa hatua tatu na anasikia bibi anataja jina, basi ile elfu tano ina risiti. Niliwaona wawili watatu wanaojua kuandika vizuri wanajifanya hawajui, wanaomba waandikiwe, wanataja jina kwa sauti huku wanamwangalia wakala. Nikaelewa.

Sasa nisiwe mtu wa kulaumu tu, kuhesabu kura. Kuhesabu ilikuwa raha. Waliisogeza meza mlangoni ili sisi tulio nje tuone, boksi likageuzwa, kila karatasi msimamizi anaifungua, anaisoma kwa sauti, anaiinua juu anaigeuza pande zote mbili, halafu mwalimu mmoja anachora kijiti ubaoni kwa chaki, vijiti vinne cha tano kinakata, watoto wa shule waliokuwa wanachungulia dirishani wanahesabu pamoja naye. Hakuna karatasi iliyopita bila kuinuliwa. Mwisho mawakala wote watano wakasaini, matokeo yakabandikwa mlangoni hapo hapo, na kabla ya giza kila mtu kijijini alikuwa anajua. Mtia nia aliyeshindwa akampa mkono mshindi mbele yetu. Hapo nawapa nyota zote bila kubana.

Ila hata kwenye kuhesabu ule ugonjwa wa kuandika jina ulijitokeza tena. Wawili kati ya watano ni wa ukoo mmoja, na huku kwetu mnajua ukoo mmoja unaweza kujaza kijiji kizima, kwa hiyo watu wameandika jina la ukoo tu na kuishia hapo, haijulikani ni yupi. Wengine wameandika jina la utani ambalo kila mtu analijua ila kwenye orodha halipo. Mmoja kaandika baba fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoitana barabarani. Nilihesabu karatasi 11 zimewekwa pembeni kama kura zilizoharibika, na aliyeshinda alimzidi wa pili kwa kura zisizofika hata hizo. Hakuna aliyegoma, lakini watu waliziangalia zile 11 kwa muda mrefu. Zingekuwa na picha na mahali pa kuweka alama ya vema, zisingeharibika.

Jumapili baada ya ibada nikamfuata katibu wa tawi nyumbani kwake, nikaenda na bibi maana mimi ni mtoto kwake, nisingeweza kwenda kumfundisha mzee kazi peke yangu. Bibi ndiye aliyeongea. Alimwambia mwanangu, mlinipokea vizuri na nawashukuru, lakini jana mlinivua nguo mbele za watu. Katibu alikaa kimya, akatoa kofia. Akasema mama nisamehe, sikuliona hilo. Kisha tukaongea mambo ya kawaida kabisa: madawati mawili yageuziwe ukutani kwenye kona, kitenge kitundikwe kwenye kamba mbele yake, mawakala wakae upande wa boksi sio upande wa dawati. Karatasi ichapwe na picha za watia nia, nimempigia hesabu ya fotokopi za mjini nyeusi na nyeupe, kwa wapiga kura wa kata nzima haifiki hata gharama ya zile boda za njia panda za asubuhi moja. Na asiyejua kuandika aje na mtu wake mwenyewe. Kamba na kitenge nimesema natoa mimi.

Ameahidi kupeleka kwenye kikao cha kata. Wana uchaguzi mwingine wa ndani wa jumuiya ya akina mama mwezi ujao kwenye darasa lile lile, nitapanda juu tena na bibi, nikirudi nitaandika hapa nilichokikuta na kama ni nyota za kuongeza nitaongeza. Wanaokwenda: fikeni kabla ya saa mbili, vaeni sweta na viatu vya kukamata tope, na stakabadhi za ada msiziache nyumbani, kadi peke yake haitoshi kama jina halipo kwenye daftari.